Barua ya wazi: Kipimeni kihisi chetu cha sumukuvu, kisha mkikubali au mkikatae

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia viwango vya chakula, maabara za serikali na fedha za utafiti nchini Tanzania.

YAH: OMBI LA KUWEKWA UTARATIBU WA KUHAKIKI VIHISI VYA SUMUKUVU VINAVYOTENGENEZWA NCHINI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mkemia katika kikundi kidogo cha watafiti wa Kanda ya Kati. Tunatengeneza kihisi cha elektrokemia, yaani kifaa kinachopima kemikali kwa umeme, cha kupimia sumukuvu (sumu ya ukungu, hasa aflatoksini) kwenye mahindi, kwa kutumia polima yenye chapa ya molekuli. Tumewaandikia kwa njia ya kawaida, kwa barua za muhuri, ngazi kwa ngazi. Ofisi ya kwanza ilitutuma kwa ya pili, ya pili ikatutuma kwa ya tatu, na ya tatu ikasema jambo hili ni la ofisi ya kwanza. Hakuna aliyetukejeli, na wengi walitupokea vizuri. Lakini hakuna aliyetamka ndiyo wala hapana. Kwa sababu hiyo naandika hadharani.

Nianze na jambo tusilobishania. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, familia ziliingiwa na ugonjwa wa macho ya njano na matumbo kujaa baada ya kula mahindi yao wenyewe. Watu 68 waliripotiwa kuugua na 20 wakafariki. Wenzetu wa Kenya walikuwa wamepitia msiba huo mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo ya jirani: wagonjwa 317, vifo 125. Hao ndio waliohesabiwa. Anayekula sumu hii kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka hahesabiwi popote, ingawa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka aflatoksini katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na hatari kwa ini huwa kubwa zaidi kwa mwenye homa ya ini aina ya B.

Ukungu wa Aspergillus flavus hauhitaji mwaliko. Ukame shambani, mvua wakati wa kuvuna, mahindi kuanikwa chini bila turubai, kihenge chenye unyevu: vyote vinautosha. Sumu yake haina ladha ya kumshtua mpishi, na moto wa kupikia ugali hauiondoi. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kila kilo ya mahindi, na mikrogramu 5 kwa aflatoksini B1 peke yake. Pigeni hesabu ya gunia la kilo 100: miligramu moja tu ya sumu ikisambaa humo, gunia limefika ukomo. Hakuna jicho la mama wala la mfanyabiashara linaloweza kuiona miligramu hiyo. Lazima ipimwe.

Ndipo kinapoingia kihisi chetu, nami naomba nieleze kinavyofanya kazi, maana katika ofisi zaidi ya moja niliona barua yetu ikipokelewa kana kwamba tumeleta mazingaombwe. Mgonjwa wa kisukari anayechoma kidole na kuweka tone la damu kwenye kijiti cha mashine anatumia kihisi cha elektrokemia. Mizizi yake ni kazi ya Leland Clark na Champ Lyons ya mwaka 1962. Katika kijiti kile kuna kimeng'enya kinachoitambua sukari, na mashine hupima umeme unaozalishwa. Sisi tunafuata njia hiyohiyo, isipokuwa mahali pa kimeng'enya tunaweka polima.

Polima hiyo hutengenezwa hivi. Tunachukua molekuli inayofanana na aflatoksini, tunaichanganya na monoma, yaani vijenzi vya polima, kama piroli au orto-fenilenidiamini, kisha tunapitisha umeme ili polima ijijenge juu ya elektrodi (kipande cha kupitishia umeme) ya kaboni, utando mwembamba usioonekana kwa macho. Halafu tunaiosha ile molekuli itoke. Inabaki nafasi yenye umbo lake na mpangilio wa kushikana nayo, kama unyayo unavyobaki kwenye tope lililokauka. Unga wa sampuli unatikiswa katika mchanganyiko wa methanoli na maji, unachujwa, unazimuliwa, tone linawekwa juu ya elektrodi. Aflatoksini ikiwepo inaingia kwenye nafasi zake na kuziba njia. Kemikali ya kupeleka umeme, kwetu ni ferisianidi, inashindwa kupita kama mwanzo, na mkondo unapungua. Kiasi cha kupungua ndicho kipimo.

Hatukubuni wazo hili. Günter Wulff na A. Sarhan walilionyesha Ujerumani mwaka 1972. Klaus Mosbach na wenzake wa Lund, Sweden, walilisukuma mbele, na mwaka 1993 wakaonyesha kwamba polima ya namna hii inaweza kushika kazi ya kingamwili, yaani protini za mwili zinazotambua na kunasa kitu kigeni, katika kupima dawa za teofilini na diazepamu. Sifa inayotufaa sisi wa Dodoma na Singida ni kwamba polima si protini. Haiozi. Haihitaji jokofu kama kingamwili na vimeng'enya vingi vinavyotaka nyuzijoto 2 hadi 8.

Baada ya hayo, haya ndiyo malalamiko yetu.

1. Hakuna mlango wa kupitia. Hili ndilo kubwa, na mengine yote yanazaliwa humo. Tulipouliza kifaa kipya cha kupima sumukuvu kihakikiwe vipi ili kitumike kisheria kama kipimo cha awali, tuliambiwa tulete cheti. Tulipouliza cheti kinatolewa na nani, tuliambiwa cheti hutolewa kwa njia zinazotambuliwa. Tulipouliza njia inatambuliwaje, tuliambiwa iwe tayari inatumika kwingine. Yaani kitu kilichobuniwa hapa hakiwezi kukubaliwa hapa mpaka kikubaliwe ng'ambo kwanza. Waheshimiwa, sidhani kuna yeyote kati yenu aliyekaa chini akaamua iwe hivyo. Imetokea tu, kwa sababu kila fomu iliandikwa kwa kumfikiria mwagizaji wa bidhaa kutoka nje. Lakini matokeo yake ni yaleyale ya kukataliwa, tena bila kupimwa.

Wengine wameshalitatua jambo hili. Umoja wa Ulaya, katika kanuni namba 519 ya mwaka 2014, haukuuliza kama kipimo cha haraka kimetengenezwa kwa kingamwili au kwa kitu kingine. Uliweka masharti ya utendaji: sampuli zisizopungua 20 zisizo na sumu, 20 zenye sumu kwa kiwango kinacholengwa, zipimwe kwa siku tano tofauti, na kipimo kisizidi asilimia 5 ya kuziita safi sampuli zenye sumu. Marekani, idara ya ukaguzi wa nafaka, FGIS, hupima vipimo vya haraka vya wazalishaji na kuvipa vyeti vikifaulu. Kenya kuna mpango wa APTECA, ulioanzishwa pamoja na Chuo Kikuu cha Texas A&M, ambamo wasagaji hupima unga wao na kujilinganisha kwa sampuli za pamoja. Hakuna katika hayo kinachoshinda uwezo wa nchi yetu. Watu wenye ujuzi tunao, na mashine za HPLC, zile za maabara zinazotenganisha kemikali na kuzipima, zipo za kulinganishia.

2. Sampuli za ulinganisho. Huwezi kujua kipimo chako kinasema kweli bila kuwa na unga ambao kiasi chake cha sumu kinajulikana. Unga wa namna hiyo huagizwa nje kwa bei ya kuumiza, na chupa ndogo ya aflatoksini safi, kwa kuwa ni sumu kali, hukaa bandarini au uwanja wa ndege huku idara zikijadiliana ni kibali cha nani kinachohitajika. Sheria ya kudhibiti sumu naiunga mkono kwa moyo wote. Sitaki chupa hiyo iingie mikononi mwa mtu yeyote tu. Ndiyo maana katika kutengeneza polima yenyewe tunatumia 5,7-dimethoksikumarini, molekuli inayofanana kiasi na aflatoksini bila ukali wake. Njia hiyo inamlinda fundi, na pia inaondoa tatizo la sumu iliyosalia ndani ya polima kuvuja na kuharibu kipimo. Lakini kwa uhakiki hatuna njia nyingine, lazima tuwe na kitu halisi. Kila msimu maabara za serikali hupima mahindi na kukuta mengine yamevuka kiwango. Mahindi hayo yakisagwa, yakachanganywa vizuri na kupimwa na maabara zaidi ya moja, yangekuwa sampuli za ulinganisho za taifa. Leo yanateketezwa.

3. Fedha za utafiti zinaishia kwenye makala. Mradi unafungwa pale chapisho linapotoka. Hatua ya kukipeleka kifaa sokoni na kumpa karani wa ghala akitumie kwa msimu mzima haina fungu. Sina mengi ya kuongeza hapa. Kila mtafiti nchini anaijua hali hii.

4. Zabuni zinaandikwa kwa aina ya teknolojia. Tumeona tangazo la ununuzi wa vipimo vya haraka lililotaja kwamba kipimo kiwe cha kingamwili. Aliyeandika hivyo pengine alinakili kutoka kwenye karatasi ya mzalishaji. Andikeni badala yake: kipimo kitofautishe mahindi ya chini na ya juu ya mikrogramu 10 kwa kilo, kwa kiwango hiki cha makosa, katika joto hili, kikitumiwa na mtu mwenye elimu hii. Kisha aje yeyote, wa nje au wa ndani.

5. Chakula cha watoto. Hapa naomba uvumilivu wenu, maana hapa ndipo panaponiuma. Uji wa lishe unaosifiwa kliniki kwetu aghalabu ni mahindi na karanga kwa pamoja, mazao mawili yanayopendwa zaidi na ukungu huu. Martin Kimanya na watafiti wenzake wa Tanzania wameandika kwa miaka mingi juu ya sumukuvu katika vyakula vya nyongeza vya watoto wachanga nchini. Mtoto wa miezi minane hula chakula hichohicho asubuhi, mchana na jioni, kwa uzito wa kilo saba au nane. Wanaosaga unga huo ni akina mama wenye mashine ndogo, wanaonunua karanga debe kwa debe. Hawawezi kupeleka kila debe maabara ya mkoa na kulipia. Wakipewa kipimo cha kutumia palepale kwenye mashine, debe baya litajulikana kabla ya kusagwa. Hakuna anayewakataza kupima. Hawana cha kupimia.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa mengi nimeshayasikia kwa mdomo.

Itasemwa kwamba polima hizi hazijathibitika, kwamba makala ni maelfu lakini bidhaa za vihisi sokoni ni chache. Ni kweli, na ni hoja nzito. Sababu kubwa ni kwamba makala nyingi huishia kwenye maji safi yaliyotiwa sumu kwa makusudi, hazigusi mahindi yaliyooza shambani. Tuulizeni basi maswali magumu. Tudaini elektrodi ya pili, yenye polima ileile lakini isiyo na chapa, ili ijulikane kama kweli nafasi zile zinafanya kazi au sumu inajibandika ovyo tu. Tuwekeeni sumukuvu nyingine, fumonisini, zearalenoni na okratoksini A, mle, muone kama kihisi kitadanganyika. Chukueni elektrodi za toleo la Januari na za toleo la Juni mlinganishe. Ziacheni kwenye stoo ya bati Oktoba nzima, kisha zipimeni. Mpeni karani wa ghala, siyo mimi, azitumie. Nasema mapema kwamba kwenye karanga kihisi chetu bado kina udhaifu, kwa kuwa mafuta yake huchafua uso wa elektrodi na sampuli inahitaji kusafishwa zaidi. Kwenye mahindi tunajiamini kiasi cha kuomba kupimwa hadharani.

Itasemwa kwamba tatizo ni uchukuaji wa sampuli, siyo kipimo. Hili nalo ni kweli kuliko wengi wanavyodhani: punje chache zenye sumu nyingi zinatosha kuharibu gunia zima, na bambo la kuchukulia sampuli likipita pembeni yake, gunia linaonekana salama. Hata mashine ya HPLC haiwezi kumsaidia aliyeleta sampuli mbaya. Lakini dawa ya tatizo hilo ni kuchukua sampuli nyingi, kutoka magunia mengi, na kuzipima. Hilo haliwezekani kipimo kimoja kikiwa ghali na majibu yakichelewa. Mnunuzi wa soko la mahindi la Kibaigwa, Dodoma, huamua bei akiwa amesimama kando ya lori.

Itasemwa nchi jirani hazitakubali. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikaruhusu kwa sharti la cheti kinachoonyesha kwamba aflatoksini haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Sisi hatuombi kihisi chetu kitoe cheti cha mpakani. Cheti kibaki cha maabara. Tunachosema ni kwamba mzigo uchujwe Kibaigwa au Kiteto, kabla mwenye mali hajalipa nauli hadi mpaka wa Namanga kwenda kukataliwa huko. Najua pia kuna watakaotumia kipimo vibaya, wachukue mahindi yaliyoshindwa wakayauze kijiji cha pili kwa bei ya chini. Hilo ni la usimamizi, na lipo hata sasa ambapo hakuna kipimo chochote.

Na itasemwa kwamba serikali imeshafanya mengi. Imefanya, na nashukuru. Maghala yamejengwa kupitia TANIPAC, mradi wa serikali wa kudhibiti sumukuvu, wakulima wamefundishwa kuanika kwenye turubai, na Aflasafe, ile fangasi isiyo na sumu inayotupwa shambani kuishinda ile mbaya, imefika nchini. Lakini ghala jipya lisilo na kipimo mlangoni linapokea gunia safi na gunia chafu kwa mkono mmoja.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo. Kwanza, mtangaze utaratibu wa maandishi wa kuhakiki vipimo vya awali vya sumukuvu, unaodai utendaji bila kujali teknolojia, na useme wazi ni ofisi ipi inayopokea maombi, ada ni kiasi gani na jibu hutoka baada ya muda gani. Pili, maabara moja ya serikali ipewe jukumu la kuandaa sampuli za ulinganisho kutoka mahindi na karanga za hapa nchini, na kuzitoa kwa siri, bila mwombaji kujua ipi ina nini, kwa kila anayeomba kuhakikiwa. Tatu, vibali vya kuingiza aflatoksini safi kwa ajili ya maabara vishughulikiwe na dirisha moja. Nne, fungu la utafiti lidai na kugharimia majaribio ya uwanjani, angalau katika masoko mawili na kwenye mashine za kusagia unga wa lishe, kabla mradi haujafungwa. Tano, zabuni zijazo za vipimo ziandikwe kwa masharti ya utendaji.

Ombi la kwanza na la pili ndiyo tunayoyahitaji kabla ya mahindi ya msimu ujao kuingia sokoni, maana baada ya hapo mwaka mzima umepotea. Hayahitaji jengo jipya wala mkopo.

Hatuombi upendeleo kwa kuwa ni Watanzania. Kihisi chetu kikiita salama gunia lenye sumu, kikataeni, na mtuandikie kimeshindwa wapi. Barua hiyo itatusaidia kuliko ukimya tulioupata. Kikifaulu, kipeni nafasi sawa na vile vinavyoletwa kwenye makasha ya barafu.

Tuko tayari kuleta vifaa, elektrodi na takwimu zote, pamoja na zile ambazo hazikututendea vyema, mahali mtakapopanga na mbele ya mtaalamu yeyote mtakayemteua. Jina na anwani yangu mnavyo katika barua zilizotangulia. Naomba jibu la maandishi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkemia, kwa niaba ya watafiti wenzangu
Kanda ya Kati, Tanzania

Nakala:
Wenyeviti wa vyama vya ushirika vya mazao, Dodoma, Singida na Manyara
Viongozi wa wafanyabiashara wa mahindi, Kibaigwa
Wasagaji wa unga wa lishe